Majivu Yanapofika Bigo

Katika kartie Bigo, mjini Bunia, jimboni Ituri, maiti huzikwa. Walendu huzika, Wahema huzika, Waalur, Wabira na Wanyali huzika, na Waislamu wa mji wana amri ya dini yao juu ya jambo hilo. Mtu akifa, turubai hufungwa uani, viti huazimwa kwa majirani, wanakwaya hukesha wakiimba, na mwili ukitoka mochwari husindikizwa na pikipiki hadi makaburini. Swali la majivu halikuzaliwa hapa. Limekuja kwa simu.

Kwa miaka mingi maelfu ya Wakongo wa mashariki walipelekwa Marekani kama wakimbizi, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Sehemu yao walipokewa na shirika la Walutheri la kuhudumia wakimbizi, ambalo tangu 2024 linaitwa Global Refuge. Wengine wako Sweden, Norway na Denmark, ambako kanisa kubwa la nchi ni la Kilutheri. Kuna waliotoka Ituri wakiwa Wakatoliki, au watu wa kanisa la Kiprotestanti la CECA 20, au Waanglikana, na sasa wanasali katika kanisa la Kilutheri kwa sababu ndilo lililowafungulia mlango na kuwapa saa ya ibada ya Kiswahili Jumapili mchana. Wameanza kuzeeka huko, na wameanza kufa huko.

Tuchukue familia moja ya Bigo, bila kuitaja. Binti anapiga simu usiku: "Baba mkubwa, mama ametutoka." Baada ya kilio cha kwanza anaeleza hali ilivyo. Kuleta mwili nyumbani kunaweza kupita dola 10,000, na kaburi la huko nalo ni ghali. Kuchoma ni dola elfu moja hadi tatu hivi. Kanisa alilokuwa akisali mama lina ukuta wa kuwekea majivu, na pasta amesema nafasi ipo. Baba mkubwa ananyamaza, kisha anauliza: "Atawekwa wapi hasa? Nani atakuwepo? Na siku tukitaka kumrudisha nyumbani?"

Mijadala mingi ya jambo hili, kanisani na redioni, hukimbilia ufufuo: je, Mungu atamfufuaje aliyekuwa majivu? Naona hapo tunapoteza muda. Swali hilo lilijibiwa zamani sana. Mzigo mzito uko katika maswali ya baba mkubwa, ambayo ni ya mahali, ya mashahidi na ya nani atakayelilinda kaburi, na hayo ndiyo makanisa yetu hayajayajibu.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Kolumbario ni ukuta wenye mashubaka. Kila shubaka ni la mraba, upande wake ukikaribia sentimeta 30, na kina chake hutosha kasha moja au mawili ya majivu, mke na mume. Mbele hufungwa kwa kibao cha graniti, marumaru au shaba, kilichochongwa jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Ukuta huo waweza kuwa ndani ya kanisa, katika ukumbi wa kuingilia au kikanisa cha pembeni, au nje katika bustani. Kinachowekwa humo si majivu kama ya kuni. Mwili wa mtu mzima hukaa tanurini saa moja na nusu hadi mbili hivi, katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Hubaki vipande vya mifupa, navyo husagwa mpaka viwe chengachenga za kijivu zenye uzito wa kilo mbili hadi tatu. Mama aliyehitaji wanaume sita kumbeba sasa anaweza kubebwa na mjukuu wake wa miaka kumi.

Siku ya kumweka, waumini husimama mbele ya ukuta. Pasta husoma ibada ileile ya maziko, pamoja na maneno ya udongo, majivu na mavumbi. Kibao kimekwisha kufunguliwa, kasha huingizwa, sala ya mwisho husomwa, kibao hurudishwa na skrubu hukazwa. Ni kazi ya dakika chache. Anayejua maziko ya Bunia, ambako vijana hupokezana koleo hadi kichuguu cha udongo kisimame na kila mtu wa ukoo awe ametupa konzi yake, atahisi pengo. Hakuna udongo wa kutupa, na mikono haina la kufanya. Naamini hili huwaumiza watu wetu kuliko moto wenyewe, ingawa moto ndio wanaoutaja.

Tuje kwenye moto, maana hofu yake ina historia na inastahili heshima. Warumi walikuwa wakichoma wafu wao na kuweka majivu katika kuta za mashubaka, nyingine zenye mamia ya makasha. Wakristo wa kwanza waliona afadhali desturi ya Wayahudi ya kuzika, kwa kuwa Kristo mwenyewe alizikwa. Mwaka 177 mjini Lyon, watesi walichoma miili ya mashahidi na kutupa majivu katika mto Rhône, wakidhani wamewanyima tumaini la kufufuka. Habari hiyo imehifadhiwa na mwanahistoria Eusebio. Walioshuhudia ukatili ule hawakuyumba katika imani yao juu ya uweza wa Mungu. Katika kitabu chake kiitwacho Octavius, mwandishi Mkristo Minucius Felix aliwajibu wapagani kwamba Wakristo hawaogopi hasara kwa namna yoyote ya kuzikwa, ila wanashika desturi ya zamani iliyo bora, ya kuulaza mwili ardhini. Ukilipima jibu hilo utaona limebeba mambo yote mawili: moto haumshindi Mungu, na hata hivyo kuzika ni bora. Sioni kwamba kanisa limepata jibu zuri zaidi tangu hapo.

Ukali ulikuja baadaye. Mnamo 785 mfalme Karolo Mkuu aliweka adhabu ya kifo kwa Wasaksoni watakaochoma wafu kwa desturi ya kipagani, na kwa zaidi ya miaka elfu moja moto ukabaki alama ya upagani katika Ulaya. Tanuri la kwanza la kisasa la Ujerumani lilijengwa Gotha, katika nchi ya Walutheri, mwaka 1878. Walioshabikia matanuri hayo walikuwa madaktari waliohofia makaburi yaliyofurika mijini, lakini pia walikuwemo waliotaka kulikomoa kanisa. Ndiyo maana mapasta wengi walikataa katakata, na Roma ikapiga marufuku mwaka 1886. Roma iliondoa marufuku hiyo mwaka 1963. Mwaka 2016 ikaagiza majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawiwa ndugu, ingawa mwishoni mwa 2023 ililegeza kidogo. Kwa Walutheri hakuna ofisi moja ya kutoa amri kwa wote. Kanisa moja baada ya jingine lilikubali kimyakimya. Leo Sweden watu zaidi ya 80 katika kila 100 huchomwa, na Marekani wamepita nusu tangu 2016.

Anayetaka Biblia ataikuta imesema kwa sauti zaidi ya moja. Watu wa Yabesh-gileadi waliichoma miili ya Sauli na wanawe, kisha wakaizika mifupa chini ya mti na kufunga siku 7, na Maandiko yanawasifu kwa wema huo. Nabii Amosi, kwa upande wake, anailaani Moabu kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Tofauti iko wazi. Wale wa kwanza walichoma kwa upendo, wakizuia maiti zisidhihakiwe, kisha wakazika; hawa wa pili walichoma ili kufuta. Nia iliyoushika moto, na kilichofanywa baada ya moto, ndivyo vinavyopimwa.

Martin Luther mwenyewe hakuandika juu ya tanuri, lakini aliandika juu ya makaburi, na ajabu ni kwamba alichokisema kinafaa Bunia ya leo. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, aliandika waraka kuhusu kuukimbia ugonjwa. Mwishoni alishauri makaburi yawe nje ya mji, kwa ajili ya afya na kwa ajili ya utulivu. Alisikitika kwamba uwanja wa makaburi wa Wittenberg ulikuwa njia ya kila mtu na mifugo, mahali pasipo adabu, akasema kwamba angependelea kulala katika mto Elbe au msituni kuliko pale. Kumbe kilichomsumbua ni heshima ya mahali: pawe pa kimya, pa kutafakari kifo na ufufuo, pasikanyagwe ovyo. Alipofariki mwaka 1546 alizikwa ndani ya Kanisa la Ngome la mji huohuo, karibu na mimbari. Ukuta wa majivu unawarudisha wafu ndani ya kanisa, katikati ya wanaoimba, kwa hiyo Walutheri wanaoujenga wana mfano wa nyumbani kwao.

Afrika Mashariki nayo ina visa vyake, na vimetufundisha mambo ambayo vitabu vya Ulaya havikuweza kutufundisha. Mwaka 2002 nchini Kenya, Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, alipofiwa na mkewe Mary aliamua mwili wake uchomwe. Waumini walishtuka. Yeye alipofariki mwaka 2005 alichomwa vilevile, kwenye tanuri la Kariokor jijini Nairobi, ambalo kwa miaka mingi watu walilijua kuwa la Wahindu. Mwaka 2011 tanuri hilohilo lilimpokea mwanamazingira Wangari Maathai, akiwa katika jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwaka 2018 alifuata mwanasiasa Kenneth Matiba, kwenye tanuri la Lang'ata. Hawa walikuwa watu wazito, wenye mashamba ya kuzikiwa. Hakuna awezaye kusema walichomwa kwa umaskini au kwa kukosa kwao.

Kisha Agosti 2019 alichomwa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na hapo palikuwa na maneno. Baadhi ya wazee wa Kiluo walilalamika hadharani kwamba mtoto wao ameteketezwa bila kaburi la kuonyesha. Sheria haikuwasaidia, na matakwa ya marehemu yalitimizwa. Anayekumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno atajua jeraha hilo ni la zamani. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake akataka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukataka azikwe kijijini Nyalgunga, na mwili ukangoja mochwari hadi Mei 1987 ukoo uliposhinda mahakamani. Ugomvi wa Otieno ulihusu udongo na wa Okoth ulihusu moto, ila chanzo ni kimoja: nani mwenye maiti? Mjane, watoto, ukoo, au marehemu mwenyewe kwa neno aliloliacha? Familia ambayo haijalijibu swali hili kabla ya kifo italijibu kwa ugomvi, na majivu huongeza ukali wa ugomvi huo kwa sababu hayarudi kuwa mwili.

Hata hivyo si kweli kwamba kuhamisha mabaki ni jambo geni kwetu. Wachaga wa Kilimanjaro, ambao leo wengi wao ni Walutheri, zamani walikuwa wakimzika mzee, kisha baada ya miaka wakifukua mifupa na kuweka fuvu mahali pa heshima katika kihamba, yaani shamba la ukoo. Desturi zao ziliandikwa kwa urefu na mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann. Waalur wa huku kwetu wa kaskazini mwa Ituri walijenga abila, kijumba cha mababu, ambapo aliyekufa alipewa mahali pa kukumbukwa mbali na pale alipolazwa. Maziko ya awamu mbili, na mahali pa kumbukumbu palipotengwa na shimo, wazee wetu waliyajua yote.

Na Kongo nzima ililiona jambo hili kwa macho yake Juni 2022. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Kilichobaki ni jino, lililokuwa mikononi mwa familia ya afisa wa polisi Mbelgiji aliyeshiriki kazi hiyo. Lilikabidhiwa kwa watoto wake mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likawekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu, likapelekwa Sankuru alikozaliwa, likapita Kisangani, likafika Katanga alikouawa, na tarehe 30 Juni likalazwa Kinshasa. Watu walilia kando ya jeneza lile kama wanavyolia kando ya mzazi. Katika matanga yale hakuna aliyesema jino si mtu. Kama jino moja lilitosha kwa taifa zima, kilo tatu za mifupa iliyosagwa zitatosha kwa ukoo mmoja wa Bigo. Wauaji wa Lumumba walitaka kumfuta kama Moabu ilivyomfuta mfalme wa Edomu, na nchi ikamrudisha kwa jeneza, jina na mahali.

Lakini moto ukija kwa amri ya serikali ni jambo jingine, na hapa nataka tusimame kidogo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulienea hadi Ituri, Mambasa, Komanda na Bunia yenyewe, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Timu za maziko zilikuja na mifuko na mavazi ya plastiki, na familia nyingi zilikataa, nyingine kwa mawe. Hata hivyo waliokufa walizikwa, hawakuchomwa. Kilichopunguza hasira, taratibu, ni kuwapa ndugu nafasi ya kuomba, ya kuchagua nguo na kaburi, na ya kushuhudia kwa umbali salama. Liberia ilipita njia nyingine mwaka 2014. Kuanzia Agosti serikali iliamuru maiti za Ebola jijini Monrovia zichomwe zote, katika tanuri la jumuiya ya Wahindi. Watu wakaficha wagonjwa, wakazika kwa siri, na Desemba amri ikaondolewa. Majivu yalikuwa yamechanganyika katika mapipa, hakuna aliyejua ya nani ni yapi. Machi 2015 mapipa hayo yalipelekwa kwenye makaburi ya Disco Hill ili familia zipate angalau mahali pa kusimama.

Ukiviweka visa hivi pamoja, unaona kwamba moto wa Maathai na moto wa Monrovia ni wa joto lilelile, ila mmoja uliacha jina na mwingine ulifuta majina. Ituri inajua kufutwa kwa majina kuliko mahali pengi duniani. Januari 2023, Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa makaburi ya halaiki yamegunduliwa katika vijiji vya Nyamamba na Mbogi, kama kilometa 30 mashariki ya Bunia: miili 42 katika kijiji cha kwanza, wakiwemo wanawake 12 na watoto 6, na miili 7 katika cha pili. Hao walizikwa ardhini. Udongo peke yake haukuwapa heshima. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba kuzika ni heshima na kuchoma ni dharau, aende akawaulize wenye ndugu waliokutwa Nyamamba.

Kuna kaburi jingine la Ituri ambalo ningependa mapasta wote walitumie kufundishia. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896 akihubiri, alifariki hukohuko mwaka 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kinyume na desturi ya kwao, ili injili iendelee kuingia msituni. Hakurudishwa Buganda. Alichagua kubaki kati ya watu aliowahudumia, na mwelekeo wa mwili wake ukawa mahubiri. Basi maziko ya ugenini hayana aibu ndani yake, mradi yamechaguliwa, na mradi kuna kusanyiko linalojua aliyelala pale ni nani. Mwisho wa Mei 2021 wanamgambo waliishambulia Boga na Tchabi wakaua zaidi ya watu 50. Hata mahali patakatifu pa nyumbani hapana ulinzi wa uhakika.

Hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu, na hapo ndipo kolumbario inapoonekana jinsi ilivyo. Ule ukuta ni ahadi ya kusanyiko moja kwamba litaendelea kuwepo. Familia inalipia shubaka, inapewa mkataba. Ujerumani mkataba kwa kawaida ni wa miaka kadhaa, mara nyingi 15 au 20, kisha familia huongeza malipo au majivu huhamishiwa kaburi la pamoja. Marekani makanisa mengi huahidi muda usio na mwisho. Lakini kanisa kubwa la Kilutheri la nchi hiyo, lililoundwa mwaka 1988 likiwa na waumini zaidi ya milioni 5, leo lina chini ya milioni 3, na majengo yanauzwa. Jengo likiuzwa, ukuta unakwenda wapi? Makanisa makini yameandika jibu katika mkataba: makasha yatahamishiwa kanisa jirani, au yatarudishwa kwa familia, au yatazikwa. Mengine hayakuandika kitu. Binti aliyeko Marekani hana budi kuisoma karatasi hiyo kabla ya kutia sahihi, na kama Kiingereza chake bado kinasuasua amtafute anayekijua.

Sifa za ukuta huo pia zisemwe. Kwa mjane aliyefika nchi ya theluji akiwa na miaka 60, asiye na kaburi la ukoo hata moja katika bara lile, kujua kwamba jina lake litachongwa mahali ambapo wajukuu wataimba kila Jumapili ni faraja kubwa. Makaburi ya mijini kule yako mbali, hayafikiki bila gari, na baada ya mwaka wa kwanza hayatembelewi. Ukuta wa kanisa unatembelewa hata na asiyekusudia. Sioni haki ya mtu wa Bigo kumlazimisha binti huyo akope dola 10,000 ili sisi huku tupate jeneza la kulilia. Nimewaona watu wetu wakichangishana mpaka ada za watoto zikaliwa na gharama za ndege, na hilo silikubali kuitwa mila.

Kipimo changu ni kimoja: watakaomtembelea wako wapi? Kama watoto na wajukuu wote wako huko, mama akae ukutani, na Bigo ifanye matanga yake kwa picha na ibada. Kama waliobaki huku ndio wengi, au kama mwenyewe aliwahi kutamka kwamba anataka kurudi, basi arudi, na majivu yanawezesha jambo ambalo jeneza halikuweza. Yusufu aliwaapisha ndugu zake waiondoe mifupa yake Misri, na Waisraeli waliibeba jangwani miaka 40 hadi Shekemu. Majivu hayahitaji kuharakishwa. Yanaweza kungoja mwaka, miwili, hadi ndege ipatikane na barabara itulie. Kwa safari ya ndege, kasha liwe la mbao au kitu kingine ambacho mashine ya ukaguzi inapenya, kwa kuwa la chuma hukataliwa. Msafiri awe na cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa, na aulize ubalozi karatasi zinazotakiwa kabla ya kukata tiketi. Kutoka Entebbe wengine huingia kwa ndege ndogo, wengine kwa barabara kupitia Goli na Mahagi, kisha barabara ya taifa namba 27, ambayo kila mtu wa Ituri anajua siku zake za amani na siku zake za risasi.

Nisilolikubali ni kumgawa: nusu ukutani, nusu Bigo, kijiko kimoja kwa kila mtoto. Najua kwa nini familia hufanya hivyo, na najua ni kwa upendo. Lakini tumeona ndugu wakigawana mashamba hadi wakafarakana. Marehemu abaki mmoja.

Je, makanisa ya Bunia nayo yajenge kolumbario? Tanuri, hapana. Kuchoma mwili mmoja kwa kuni kunahitaji kilo 400 hadi 500 za kuni, katika mji ambao makaa tayari yanamaliza miti, na watu wenyewe hawataki. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kongo lina makao yake makuu mbali, Lubumbashi, na katika Bunia wenye viwanja vikubwa ni Wakatoliki, CECA 20 na Waanglikana, kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa Walutheri. Ukuta mdogo uani mwa kanisa si gharama kubwa. Ila kwa watu wetu naona udongo ni bora zaidi: kasha lizikwe kwenye kaburi la mzazi au la mume, katika shimo la nusu meta, na kila mtu apate konzi yake ya kutupa. Hivyo ndivyo Minucius Felix angetushauri, na hivyo ndivyo mikono ya Bigo inavyojua kuomboleza.

Kinachokosekana ni maandalizi. Pasta aliyeletewa kasha Jumamosi jioni bila kuonywa atababaika, atasema hajawahi, atampigia askofu, na familia itaaibika mbele ya wageni. Baraza la makanisa mjini lingeweza kuandaa ibada fupi ya kupokea majivu, kukubaliana kwamba yapewe heshima zote za mwili, kukesha nayo usiku mmoja, kuyasindikiza kama jeneza, na kuandika katika daftari la parokia jina, mahali alipofia, tarehe ya kuchomwa na mahali alipozikwa. Daftari hilo liwe na nakala nje ya mji, maana hapa ofisi za makanisa zimewahi kuungua. Viongozi wa kartie nao waambiwe mapema, ili asitokee mtu kwenye lango la makaburi akidai kwamba lile kasha ni uchawi.

Na wewe uliye na mama, shangazi au kaka ng'ambo, usingoje simu ya usiku. Mpigie wiki hii, akiwa mzima, umuulize anataka alazwe wapi na nani atamsimamia, halafu mwambie aliandike, alitie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na nakala moja aitume Bigo.